ISRAFU YA MAJI NA UDHURU WA NAJISI: FUNZO KUTOKA KARAGWE

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeyafanya maji kuwa asili ya kila kilicho hai. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Wapenzi wasomaji, ndugu zangu wa Lamu na Mombasa, wa Tanga, Unguja na Pemba, wa Dar es Salaam, Kilwa na Lindi. Nawaandikia kwa jambo lililoniudhi, wala sitaki kulificha. Nilikwenda wilaya ya Kyerwa, mkoa wa Kagera, kumzuru mwanafunzi wangu wa zamani anayesomesha madrasa huko, nikaonyeshwa barua. Iliandikwa na mtu mwema wa huku kwetu pwani, ambaye amewasaidia Waislamu wa kijiji kile kwa mali yake, na jina lake silitaji wala kijiji sikitaji. Alikuwa ametoa fedha za kujengea mnara wa msikiti. Vijana wa pale wakamwomba awape idhini fedha zile ziwe za tangi la maji ya mvua, na mtaro wa kuyapeleka maji ya udhu kwenye migomba badala ya kuyaacha yapotee. Yeye akakataa, akatoa hoja mbili: kwamba mnara ndio heshima ya Uislamu mbele ya wasiokuwa Waislamu, na kwamba kuyarudia maji yaliyokwisha kutumika ni kuchezea najisi, jambo lisilomfalia mtu anayeijua dini yake.

Mwanafunzi wangu akaniuliza: Maalim, wasemaje? Nikamjibu pale pale kwa mdomo. Lakini kila nilipokumbuka ile barua nikaona kwamba haikuandikwa na mtu mmoja. Imeandikwa na sisi sote wa pwani, kwani fikra iliyomo ndani yake imo katika misikiti yetu na majumba yetu. Kwa hiyo jibu nalo nalitoa hadharani.

Kwanza mjue mahali penyewe. Karagwe na Kyerwa zilikuwa wilaya moja hadi 2012, Kyerwa ilipotengwa ikawa wilaya yake. Ni nchi ya vilima kwa vilima, pembe ya kaskazini-magharibi ya Tanzania, na mto Kagera ndio mpaka wake na Rwanda na Uganda. Watu wake, Wanyambo na wengineo, wanaishi kwa ndizi, maharage na kahawa. Wala si wageni kwetu. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na makao ya mfalme Rumanyika wa Karagwe. Huko ndiko alikoishi Ahmed bin Ibrahim, yule ambaye inatajwa kuwa alifika kwa Kabaka Suna wa Buganda mnamo 1844 akamwambia habari za Mwenyezi Mungu. Na Stanley alipopita Kafuro mwaka 1876 alimkuta. Basi tusiitaje Karagwe kana kwamba ni mwisho wa dunia. Dini ilipita huko zamani, ikibebwa na watu wa kwetu.

Mtu wa pwani akisikia Kagera hufikiri ziwa Victoria na mto mkubwa, akauliza: watu wa huko watakosaje maji? Jibu ni kwamba nyumba ziko juu ya vilima na chemchemi ziko chini mabondeni. Mvua yao si haba, kwani ni kiasi cha milimita 1,000 kwa mwaka katika misimu miwili. Ila hushuka kwa nguvu, ikateremka mlimani ikaenda zake. Ikifika Juni mpaka Agosti mambo hubadilika. Hapo mama na binti huteremka bondeni na ndoo au dumu la lita 20, nalo likijaa ni uzito wa kilo 20, wakapanda nalo kilima. Mwenye shaka na ajaribu kupanda ngazi za ghorofa tatu na mzigo huo kichwani, kisha afikiri kufanya hivyo kila siku tangu utotoni.

Nami nilifika wakati huo wa kiangazi. Niliingia madrasa baada ya sala ya Alasiri nikakuta wavulana wamejaa na upande wa wasichana u karibu mtupu. Nikauliza, wasichana wa kijiji hiki hawasomi? Nikajibiwa: wanasoma, Maalim, mvua ikinyesha. Sasa hivi wako bondeni. Ndugu zangu, jibu lile lilinikata maini. Sisi twapeleka fedha za mnara ili watu waitwe kusoma na kusali, na hali wanaoitwa wako kisimani na hawawezi kuja.

Sasa tuingie katika hoja, moja baada ya moja.

HOJA YA NAJISI

Ndugu yetu anasema maji ya udhu yaliyokwisha kutumika ni najisi. Sijui amesoma wapi. Sisi watu wa pwani ni wafuasi wa Imam Shafi, na mlango wa kwanza tunaofunguliwa watoto katika fikihi ni mlango wa tohara na maji. Humo tumefunzwa kwamba maji yaliyotumika katika faradhi ya udhu, yaani maji mustaamali, ni tohara. Hayasafishi tena hadathi yakiwa machache, lakini ni safi; yakikurukia nguoni unasali nayo, ukiyamwagia mgomba au mnazi hapana dhambi wala karaha. Mtu anayeyaita najisi ameisahau chuo yake.

Na si hivyo tu. Wanavyuoni wetu wamesema tena, na hii ndiyo kauli iliyo sahihi katika madhehebu, kwamba maji mustaamali yakikusanywa mpaka yakafika kulateni, basi hurudi kuwa yenye kutoharisha. Kulateni ni ile mitungi miwili mikubwa, inayokadiriwa baina ya lita 190 na 270 kwa hesabu za siku hizi. Fikirini vizuri maneno haya. Maji yaliyokwisha kazi yake, yakakusanywa mahali pamoja yasipotezwe, yakarudishiwa hadhi yake ya mwanzo! Haya hayakusemwa na mainjinia wa Ulaya. Yamo katika vyuo tulivyovisoma tukiwa tumekaa juu ya majamvi, karne nyingi kabla hakujazaliwa neno la kusafisha maji na kuyatumia tena.

Nami nakiri kosa langu hapa. Nimefundisha mlango huu wa maji zaidi ya miaka 40. Nimewahifadhisha vijana kulateni ni ratili ngapi, na urefu na upana wake ni dhiraa ngapi. Sikuwahi hata siku moja kuwatoa nje ya darasa nikawauliza: maji mnayotawadhia hapa yanakwenda wapi? Yalikuwa yakienda nyuma ya ukuta, yakafanya dimbwi, likazaa mbu. Nilifundisha maneno, nikaacha maana yake ioze nyuma ya ukuta wangu.

HOJA YA MAJI YALIYOHARIBIKA

Atasema mwingine: haya, maji ya udhu tumekubali. Je, maji ya bafu, na ya kufulia, na yaliyoingiwa na uchafu hasa? Hayo yanaweza kurudi kuwa safi?

Najibu kwa mizani ile ile ya dini. Maji huharibika kwa najisi ikibadilika rangi yake, au utamu wake, au harufu yake. Maji mengi, yaani yaliyofika kulateni, yakibadilika kisha badiliko lile likaondoka lenyewe au kwa kuongezwa maji mengine, hurudi tohara. Hukumu imefungamana na sababu yake. Ikiondoka sababu, hukumu huondoka nayo. Na kwa msingi huu Baraza la Wanavyuoni Wakubwa wa Saudia lilipoulizwa juu ya maji ya mitaro ya mji, mwaka 1978 (1398 Hijria), baada ya kuwasikiliza wataalamu, lilijibu kwamba yakisafishwa usafishaji kamili mpaka usibaki uchafu katika rangi, utamu wala harufu, huwa tohara na yafaa kwa kutoharishia. Ama kuyanywa, hilo hutazamwa madhara yake kwa afya. Mwaka 1989 Baraza la Fikihi la Makka likatoa kauli ya mfano huo. Basi anayesema dini imelikataa jambo hili awaendee wanavyuoni hao kwanza, kisha aje kwetu.

Na kama ni ulimwengu, mji wa Windhoek, Namibia, ulio katika nchi ya ukame hapa hapa Afrika, umekuwa ukisafisha maji yake yaliyotumika na kuyarudisha katika mabomba ya kunywa tangu 1968. Wenyeji wake wanaishi na wanazaa.

Lakini nawaonya vijana wasivuke mpaka. Tohara ya kisheria na usalama wa afya ni vitu viwili, na Sheria inavitaka vyote viwili, kwani haifai mtu kujidhuru wala kumdhuru mwenziwe. Maji yanaweza kuwa tohara ya kusalia na yakawa na vijidudu vya kuharisha. Kwa hiyo kila maji yana daraja yake. Ya mvua yaliyokingwa vizuri kwenye bati safi, mvua ya kwanza ya msimu ikaachwa ipite ioshe bati na mifereji, ndiyo ya kunywa na kupikia, nayo yachemshwe au yatiwe dawa. Yaliyotawadhiwa na ya bafu yapite katika shimo la kokoto na mchanga, kisha yaende kwenye migomba. Ya sabuni nyingi na dawa kali za kufulia yasitiwe mimea michanga. Na hakuna maji yatakayoachwa wazi, kwani dimbwi ni shamba la mbu.

Huko Karagwe mgomba hupandwa kuzunguka shimo la maji ya bafuni. Majani makavu na takataka za jikoni hutiwa shimoni, na mizizi ya migomba hunywa yale maji yote. Wazee wetu husema maji yakimwagika hayazoleki. Kule nimeona yakizolewa, tena na mgomba, na mkungu wake ni mkubwa kuliko wa jirani asiye na shimo.

HOJA YA CHOO

Hapa najua wengine watakunja uso, lakini jambo lenyewe limo katika nchi ile na lazima nilitolee kauli. Huko Karagwe liko shirika la wakulima liitwalo MAVUNO, ambalo pamoja na mainjinia wa kujitolea wa Ujerumani limejenga matangi ya maji ya mvua kwa ajili ya vijiji na shule. Shirika hilo pia lilishiriki, pamoja na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, katika jaribio la vyoo vikavu. Ni vyoo visivyotumia maji ya kusukumia. Mkojo hutengwa upande wake na kinyesi upande wake. Kinyesi hutiwa moto katika tanuri la udongo mpaka vijidudu na mayai ya minyoo yafe. Kisha huchanganywa na vumbi la mkaa, majivu na mabaki ya jikoni na ya shamba, ikawa mboji. Mahindi yaliyopandwa kwa mboji hiyo yalizaa zaidi ya maradufu kuliko yaliyopandwa bila ya kitu, kwani udongo wa kule umechoka.

Je, haifai kwa Muislamu? Nasema bila ya kuficha. Madhehebu yetu ni magumu katika jambo hili kuliko ya Imam Abu Hanifa. Kwake yeye najisi ikigeuka dhati yake, hukumu yake hugeuka. Kwetu sisi asili yake hubaki hata ikiunguzwa. Lakini hata sisi wanavyuoni wamejuzisha kutia shambani mbolea iliyo najisi, pamoja na karaha, na mazao yanayoota hapo ni tohara. Anayeishika ataosha mikono yake, na mahindi yake ni halali. Ukoo wangu mimi umekula mboga zilizotiwa samadi vizazi na vizazi, na asiyewahi kula na anyooshe mkono!

Na nimuulize mwenye kukunja uso: choo chako wewe kinakwenda wapi? Katika mitaa yetu mingi ya pwani shimo la choo na kisima cha maji vinakaribiana kama jamaa. Mtume wetu (s.a.w.) amekataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na kwenda haja katika njia za watu na vivuli vyao na mahali wanapoteka maji. Aliye karibu zaidi na makatazo haya ni yupi? Ni Mnyambo anayetenga uchafu wake mbali na maji, au ni sisi tunaoufukia pembeni mwa kisima, kisha kipindupindu kikiingia mtaani tukasema ni kudura?

HOJA YA MNARA

Narudi kwa ndugu yetu mtoaji. Anasema mnara ni heshima ya Uislamu. Mimi sikatai minara. Ni mizuri, na moyo hufurahi kuiona. Lakini msikiti wa Mtume (s.a.w.) Madina haukuwa na mnara katika uhai wake. Bilal, Mwenyezi Mungu amridhie, alikuwa akipanda juu ya nyumba ya mama mmoja wa Kiansari iliyokuwa karibu, akaadhini. Na misikiti yetu mikongwe ya pwani mingi haina minara. Lakini nendeni magofu ya Gedi, karibu na Malindi, mtazame msikiti mkuu: kisima kipo, na birika la kutawadhia lipo. Wazee waliujua mnara, lakini walianza na maji.

Sayyidna Uthman bin Affan alisifiwa kwa kununua kisima cha Ruma kwa mali yake, akakifanya wakfu wa Waislamu. Saad bin Ubada alipotaka kumtolea sadaka mama yake aliyefariki, akamuuliza Mtume sadaka ipi ni bora, aliambiwa ni maji, akachimba kisima. Mtume pia amefundisha kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Sijaona mahali walipofundishwa ushirika katika urefu wa mnara.

Tufanye hesabu pamoja, kwani dini yetu haiogopi hesabu. Paa la msikiti ule ni kama mita 12 kwa 10. Mvua ya milimita 1,000 ikishuka juu yake ni lita 120,000 kwa mwaka. Tutoe fungu moja katika matano kwa kuvuja na kurukaruka, zabaki lita 96,000. Ukizigawa kwa siku za mwaka ni lita 260 na kidogo kila siku, zinazotoka juu ya paa lililokwisha kujengwa.

Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, na akioga kwa pishi moja hadi mudi tano. Mudi ni karibu na kibaba chetu, na maji yake hayafiki lita moja. Basi lita 260 ni udhu 260 kwa siku, na zabaki. Sasa nitawaambia nililolifanya niliporudi nyumbani. Nilikinga ndoo chini ya bomba katika msikiti mmoja wa huku kwetu, kijana akatawadha kama anavyotawadha siku zote, kisha nikapima. Zilikuwa lita 7. Kwa udhu wa namna hiyo paa lile lile la Kyerwa halitoshi watu 40. Maji ni yale yale. Kilichoyafanya machache ni mkono wetu. Na imepokewa kwamba Mtume alimkemea sahaba wake Saad kwa israfu ya maji ya udhu, akamwambia hata akiwa kwenye mto unaopita.

Vijana wa Kyerwa wametundika vibuyu chirizi, yaani madumu madogo yenye tundu yanayoinamishwa kwa kamba ya mguu, na mtu hutawadha kwa kibaba kama sunna ilivyo. Miezi mitatu ya kiangazi, kwa udhu 100 kila siku, ni lita 9,000. Tangi la lita 10,000 lawatosha. Hilo ndilo waliloliomba, wakaambiwa wanachezea najisi.

Tangi la msikiti haliwezi kunywesha kijiji kizima, najua. Lakini nyumba ya bati ya mita 10 kwa 6, kwa hesabu ile ile, hupata lita 48,000 kwa mwaka, ambazo ni lita 130 kwa siku. Nyumba ya watu sita, kila mmoja lita 20, itaishi kwazo ikiwa na chombo cha kuzihifadhi. Msikiti ukianza, majumba yatafuata, kwani watu huiga wanachokiona kwa macho. Na kila nyumba itakayokinga maji yake, binti yake atarudi darasani.

Ama wale wasemao mvua ni ya Mwenyezi Mungu na sisi kazi yetu ni kuomba dua, nawaambia: ni kweli, na sala ya kuomba mvua ni sunna. Lakini mtu anayeomba mvua, nayo ikija hana hata mfereji ukingoni mwa bati, ni kama aombaye chakula na hana sahani. Bi Hajar alikimbia baina ya Safa na Marwa, na chemchemi ilipobubujika aliizungushia mchanga kwa mikono yake ili maji yasipotee. Alikuwa na imani kutushinda, na mikono yake haikukaa.

SISI WA PWANI

Msidhani haya ni ya Karagwe tu. Lau tungekuwa na kumbukumbu, sisi ndio tungekuwa walimu. Visiwa vya Lamu vina majabia, yaani mabirika makubwa ya kukingia mvua yaliyojengwa kwa mawe na chokaa. Ndau na Kizingitini watu waliishi kwa jabia. Katika majumba ya Lamu wazee waliweka visamaki ndani ya birika vile viluwiluwi vya mbu. Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja 1870 mpaka 1888, aliwaletea watu wa mjini maji safi ya chemchemi kwa mabomba.

Leo majabia mangapi yamepasuka na hapana aliyeyatia chokaa? Visima vyetu vingi vya mwambao vinageuka chumvi kwa kuvutwa kupita kiasi, na bahari kuingia mahali pa maji matamu. Mwaka 2022 maji ya mto Ruvu yalipopungua, mji wa Dar es Salaam uligawiwa maji kwa zamu, na watu wakapanga foleni na madumu kama watu wa vilima. Na bado tukisikia mtu wa bara ameyatumia maji yake mara mbili, twamwona mchafu. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Basi nataka mambo haya. Kila kamati ya msikiti iweke mfereji kwenye paa na tangi chini yake kabla ya kununua zulia jipya. Maji ya udhu yapewe mtaro mpaka kwenye minazi, migomba au miembe ya wakfu, na mazao yake yauzwe kwa mafuta ya taa ya madrasa au bili ya umeme. Kila nyumba imtazame mtoto wake anavyotawadha, na mama aweke kibaba karibu na ndoo ili watoto wajue kipimo cha Mtume kwa macho. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kinatosha udhu. Na sisi walimu, mlango wa maji tuusomeshe nje, penye maji.

Ama zile fedha za mnara, siwaambii wazee wa Kyerwa wazitumie kwa siri. Sharti ya mtoaji huheshimiwa, na mali iliyotolewa kwa jambo moja haigeuzwi bila ya idhini ya mwenyewe. Kwa hiyo bado ziko, zimefungwa, na tangi halijajengwa, na kiangazi kingine kinakuja. Ufunguo uko kwake yeye. Ndugu yangu, ikiwa gazeti hili limefika nyumbani kwako, nakuomba kwa haki ya Uislamu iliyo baina yetu, andika barua ya pili. Mistari miwili inatosha. Muadhini wao ana sauti nzuri, na bila ya mnara inasikika mpaka bondeni. Nimeisikia mwenyewe. Wasichana pia wanaisikia, wakiwa na ndoo mikononi.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wanaosikia neno wakafuata lililo bora lake, na atuteremshie mvua yenye manufaa, na atupe akili ya kuikinga. Amin.

Wabillahi tawfiq.